Treni ya Nanyuki: nani hulipa, nani hubebwa?

UZI. Kila msimu wa kampeni huku Mlimani kuna hoja moja hurudi kama mvua ya masika: treni. Mheshimiwa mmoja anasimama juu ya gari Karatina na kuahidi treni ya kila siku. Mpinzani wake anajibu kwamba treni ya abiria ni hasara tupu, afadhali lami. Leo hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunafuata pesa tu, kuanzia 1896. Twende.

1. Swali lenyewe ni hili: je, ni haki pesa ya umma kuibeba treni isiyojilipa kwa nauli? Watu wengi hujibu wakidhani kwamba zamani reli ilikuwa biashara nzuri, halafu sisi ndio tukaiharibu. Historia haisemi hivyo. Reli hapa Kenya ilizaliwa ikiwa mtoto wa serikali.

2. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Iligharimu zaidi ya pauni milioni 5, pesa ya mlipa kodi wa Uingereza. Kule bunge la London wapo walioiita wazimu. Serikali ikajenga tu, kwa sababu ilitaka kuishika Uganda na chanzo cha mto Nile. Hesabu ya faida ilikuja nyuma ya siasa.

3. Sasa tawi letu. Thika ilipata reli 1913. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mpango wa 1919 wa kuwagawia mashamba wanajeshi Wazungu uliwaleta walowezi wengi, wakiwemo wa upande wa Nanyuki. Katika miaka ya 1920 reli ikasukumwa mbele: Murang'a, Sagana, Karatina, kisha Naro Moru. Kufikia 1931 ilikuwa imefika Nanyuki. Ukiuliza ilikuwa inaelekea kwa nani, jibu liko mwisho wa reli: mashamba ya walowezi magharibi mwa Mlima Kenya.

4. Angalia ramani vizuri. Mji wa Nyeri ulianzishwa 1902, miaka mingi kabla ya reli kufika. Lakini reli haikuingia mjini. Stesheni ya "Nyeri" ni ile tunayoiita Kiganjo leo, kilomita kadhaa nje ya mji. Kwa hiyo ukisikia mtu analalamika kwamba treni haifiki Nyeri, ajue uamuzi huo una karibu miaka mia moja, na wenyeji hawakuulizwa.

5. Nauli za mizigo nazo zilikuwa siasa. Mahindi ya walowezi yaliyokwenda kuuzwa nje yalisafirishwa kwa bei ya chini, huku bidhaa nyingi zilizoingia nchini zikitozwa bei ya juu. Mwafrika aliyenunua bidhaa hizo dukani alikuwa anachangia, kupitia bei, kusafirisha mahindi ya mtu mwingine. Na mkulima wa Nyeri aliyeiona treni ikipita kando ya shamba lake alikuwa hata haruhusiwi kupanda kahawa, hadi kukaribia miaka ya 1950.

6. Kwa hiyo ruzuku ilikuwepo tangu mwanzo. Ila haikuitwa ruzuku, iliitwa maendeleo. Neno "hasara" hupenda kujitokeza pale anayebebwa anapokuwa mwananchi wa kawaida. Shika hiyo, tutairudia.

7. Mfano mwingine ni wa Karatina. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilihitaji chakula cha wanajeshi, ikaweka pale kiwanda cha kukausha mboga. Wakulima wa Mathira walilima kwa bidii, mboga zikapata soko. Vita vikaisha, mahitaji ya serikali yakaisha, kiwanda kikafungwa na wakulima wakalalamika bure. Funzo: serikali ikitaka kitu kiende, hukitafutia mteja. Ikichoka, husema soko limeamua.

8. Baada ya uhuru upepo ukageuka. 1973 agizo la rais liliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni zile walizodaiwa wenye mabasi. Barabara zikaongezeka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na pamoja nayo shirika la reli la pamoja. 1978 Kenya ikabaki na Shirika lake la Reli, injini zake na madeni yake. Matatu inakuchukua stagi na kukushusha karibu na kwenu. Treni inakushusha Kiganjo. Abiria wakahama, na huwezi kuwalaumu.

9. 2006 reli ya Kenya na ya Uganda zilikabidhiwa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 25. Pesa ilikuwa kwenye mizigo ya Mombasa kwenda Uganda. Tawi la Nanyuki halikuwa na mzigo wa kumvutia mwekezaji, kwa hiyo likalala. Nyasi zikaota kati ya mataruma. Mkataba wenyewe ulivunjwa 2017, hata nusu ya muda haikufika. Soko liliachiwa liamue, na jibu lake kwa watu wa Nyeri likawa: hakuna treni.

10. Halafu 2020 serikali ikarudi. Vijana wa NYS, wanajeshi na wafanyakazi wa reli wakafufua njia ya Nanyuki. Gharama iliyotangazwa ilikuwa kama shilingi bilioni 1.8. Desemba mwaka huo abiria wakapanda tena, Nairobi hadi Nanyuki kwa shilingi 200. Watu walijipanga kando ya reli kuipungia mkono. Ila ilianza kama treni ya wikendi: inapanda Ijumaa, inashuka Jumapili.

11. Mwaka huo huo, kwenye ukanda huo huo, kazi ya kuipanua barabara ya Kenol–Sagana–Marua ilianza: kilomita 84 za njia mbili kila upande, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na pesa ya serikali. Bajeti yake ni mara nyingi zaidi ya ile ya reli. Je, umewahi kusikia mtu akiuliza kwenye mkutano kama barabara hiyo itarudisha faida?

12. Tuwe wa haki lakini. Wanaopinga wana hoja nzito. Matatu hufika Nanyuki kwa saa tatu au nne. Treni humaliza karibu siku nzima ya kazi. Mtu wa Othaya au Tetu hana stesheni karibu, na bado kodi yake iko ndani ya ile tiketi ya 200. Barabara nayo ina utetezi wake: mwenye gari huchangia matengenezo kila anaponunua mafuta, kupitia ushuru wa barabara uliowekwa kisheria tangu 1993. Abiria wa treni hajazi kikapu cha aina hiyo.

13. Wanaounga mkono nao wana zao. Desemba ikifika, nauli ya matatu hupanda asubuhi na kupanda tena jioni, na huna la kufanya. Treni ina bei moja iliyoandikwa. Mama wa soko la Karatina mwenye magunia, mwanafunzi, mzee anayekwenda kliniki Nairobi: hao hawanunui mwendo kasi, wananunua uhakika.

14. Na kuna ushuru mwingine tunausahau: ule wa maendeleo ya reli, ulioanza 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingia nchini, kwa ajili ya SGR. Ukinunua simu Nyeri, umechangia treni ya Mombasa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba Mlima unaomba kubebwa bure. Sisi tunabeba wengine tayari, kama wengine wanavyobeba barabara yetu.

15. Hili si la Kenya pekee. Marekani iliunda shirika la Amtrak 1971 kwa sababu kampuni za reli zilichoka na hasara ya abiria. Mpaka leo treni zake za safari ndefu hutegemea pesa ya bunge, na huishi kwa sababu hupita majimbo mengi yenye wabunge wengi wa kuzitetea. Njia yetu inapita Kiambu, Murang'a, Kirinyaga, Nyeri na Laikipia. Kura ziko. Swali ni kama wabunge wa kaunti hizo huongea kwa sauti moja siku ya bajeti, au siku ya uzinduzi tu.

16. Kumbuka pia Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: reli ni kazi ya serikali ya kitaifa. Mgombea ugavana akikuahidi treni, anakuahidi ng'ombe wa jirani. Anachoweza kufanya ni barabara ya kaunti kutoka stesheni, soko na stagi ya kuunganisha. Mwulize hayo.

17. Msimamo wangu: "inajilipa?" ni swali dogo. Maswali makubwa ni manne. Inambeba nani? Nani analipa? Itakwenda siku ngapi kwa wiki? Na pesa ya matengenezo imeandikwa wapi kwenye bajeti ya mwaka wa tatu, kamera zikiwa zimeondoka? Njia hii haikufa kwa kukosa uzinduzi. Ilikufa kwa kukosa mtu wa kung'oa nyasi.

18. Akija mtu kwenu na ahadi ya treni, au na ahadi ya kuifuta, msomee hayo manne halafu umwache ajibu. Maoni yenu hapa chini, hasa watu wa Kiganjo na Naro Moru. Matusi hapana, hesabu ndiyo.