Trela kuukuu la hema laweza kuhimili njia za Kwale, mradi kazi ianzie chini

Trela la hema ni sanduku la magurudumu mawili linalovutwa na gari. Barabarani, paa lake hulala chini kama kifuniko cha kasha. Likifika kambini, paa huinuliwa kwa mkono wa kuzungusha, vitanda viwili huvutwa nje, kimoja kila upande, na kuta za turubai hufunguka. Familia ya watu watano hulala juu ya sakafu kavu, mbali na siafu na umande.

Matrela ya namna hii yalivuma Marekani na Ulaya kuanzia miaka ya 1960. Yalibuniwa kwa barabara za lami na viwanja vilivyofyekwa nyasi, na kwa mizigo ya likizo ya wiki moja. Anayelivuta mpaka Msambweni au Kinango analidai kazi ambayo halikuundiwa. Lami ya Likoni hadi Lunga Lunga haina neno. Taabu huanza unapoiacha: mchanga mwepesi wa njia za kuelekea ufuoni, mawe ya matumbawe yenye ncha, na barabara za udongo za bara ambazo wakati wa masika hugeuka utelezi mtupu.

Hata hivyo, adui mkubwa wa trela Pwani ya Kusini si matuta wala mashimo, bali ni chumvi. Upepo wa kusi huibeba kutoka baharini na kuipenyeza katika kila mwanya wa chuma. Ndiyo sababu mwenye kununua trela kuukuu anapaswa kulala chini yake kabla ya kufungua mlango na kutazama mapazia. Achukue nyundo ndogo na bisibisi. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa mlio mzito na kubonyea. Sehemu za kuchunguzwa zaidi ni pale mkono wa kuvutia unapoungana na mwili wa trela, vishikio vya springi, na chini ya mlango ambako maji hutuama. Iwapo chasisi imetoboka katika sehemu hizo, trela hilo lifaalo ni la kuuzwa kwa kilo.

Chasisi ikiwa nzima, hatua inayofuata ni kuliinua. Katika matrela mengi ya zamani ekseli imekaa juu ya springi, na hivyo tumbo la trela liko karibu na ardhi. Fundi wa jua kali anaweza kuihamisha ekseli ikae chini ya springi, na trela likapanda kwa takriban sentimita 10. Kazi hii ina mtego wake. Ekseli nyingi zimepindwa kidogo makusudi, katikati ikiwa juu, ili zinyooke zinapobeba mzigo. Fundi akiipindua ekseli nzima, magurudumu yataegemea upande usiofaa na tairi zitaliwa kabla ya kumaliza msimu. Kinachotakiwa ni kuiacha ekseli ilivyo na kuchomelea vikalio vipya vya springi upande wake wa juu, kisha kupima umbali kutoka kila gurudumu hadi ncha ya mkono wa kuvutia. Vipimo viwili hivyo sharti vilingane.

Trela lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo mizigo mizito ikae sakafuni, juu ya ekseli, na kiungo cha gari nacho kiinuliwe ili trela lisafiri likiwa sawa. Uzito unaolalia kiungo hicho uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote. Ukiwa mdogo kuliko hapo, trela huanza kuyumba mkia gari linapoongeza kasi.

Inafaa pia trela livae tairi na rimu za aina moja na za gari linalolivuta. Magari ya Toyota ya Prado na Hilux yanayotembea kwa wingi pwani yana rimu za bolti 6 zilizopangwa katika duara la milimita 139.7. Trela likifungwa habu za kipimo hicho, tairi moja ya akiba inatosha kwa vyombo vyote viwili, na hilo ni jambo kubwa unapokwama Mwereni saa kumi na mbili jioni. Kwenye mchanga, punguza upepo wa tairi za gari na za trela pia. Wengi husahau zile za nyuma, kisha hushangaa kuona gari linalima kama trekta.

Kuhusu breki, nchi za Ulaya kwa kawaida hudai trela liwe na breki zake likizidi kilo 750, na mwenye watoto garini hana sababu ya kujiwekea kiwango cha chini kuliko hicho. Likoni ni mahali pa kulikumbuka hili. Tarehe 29 Septemba 2019, gari lililokuwa ndani ya kivuko cha MV Harambee lilirudi nyuma na kutumbukia baharini, na mama na bintiye wakafariki. Anayevuka na trela awe na breki ya mkono inayoshika gari na trela pamoja, na vigingi vya mbao vya kukinga magurudumu viwe karibu na mkono, si chini ya magodoro. Siku hizi msafiri atokaye upande wa Miritini anaweza kupita barabara ya Dongo Kundu hadi Kibundani bila kupanda kivuko kabisa.

Sasa ndipo mtu apande juu. Paa la trela la hema huinuliwa na nyaya za chuma zinazopita katika roda ndogo hadi kwenye nguzo nne. Waya uliolala miaka mingi hushika kutu ndani, mahali usipoonekana, na ukikatika paa hushuka lote kwa mara moja. Badilisha nyaya zote, usibadilishe ule mmoja tu uliochakaa, na uweke za chuma kisichoshika kutu. Aidha, kila nguzo itobolewe tundu la pini ya kuzuia, na mtoto asiingie kabla ya pini nne kuwa mahali pake. Miguu ya kutegemea ya pembeni nayo ishushwe kwanza, kwani trela lililofunguliwa kutoka kwa gari huinuka pua pindi watu wawili wakikalia upande wa nyuma.

Kwa turubai hakuna haja ya kuagiza ng'ambo. Pwani ni kwa watu washonao matanga, na mkono uliozoea kushona tanga la mashua hushona ukuta wa hema bila shida, mradi upewe uzi wa poliesta usiooza. Madirisha yawekwe wavu wa matundu madogo, maana Kwale ni eneo la malaria. Zipu zifungwe kwa kulabu usiku na mchana. Tumbili wa Diani wanajua kuzifungua. Kabati za ndani ziwe za plaiwudi nyepesi. Mbambakofi ni mti mzuri, lakini tuuache kwa waunda mashua.

Umeme usikusumbue sana. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa saa-ampea 100 ina takriban wati-saa 1,200, lakini ikiwa ni ya asidi ni nusu tu itumikayo bila kuiharibu. Friji ndogo ya safari huweza kuimaliza nusu hiyo kwa siku moja. Paneli ya jua ya wati 150 hurudisha kiasi hicho jua likiwaka vizuri, ila si chini ya kivuli. Na kivuli cha mnazi kina hatari nyingine ijulikanayo na kila mwenyeji: nazi haipigi hodi. Usiegeshe trela chini ya mnazi usioanguliwa.

Jiko la makaa lisiingie ndani ya hema hata likiwa limebaki majivu ya moto, hata mvua ikinyesha. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Mpishi apikie nje, upande usiovuma upepo, na mtungi wa gesi ukae kwenye mkono wa trela.

Usafiri wa kwanza usiwe wa mbali. Mpando wa kutoka Kombani kwenda mji wa Kwale ni mtihani mzuri: ukipanda utaijua injini, ukishuka utazijua breki. Simama juu, gusa habu kwa kiganja. Ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, beringi imebana au breki inakwaruza. Kutoka hapo Hifadhi ya Shimba Hills iko karibu. Ilitangazwa mwaka 1968 na ndiyo makao ya pekee ya palahala nchini Kenya. Kambi za humo huombwa kwa KWS, na kwa kuwa ndovu ni wengi, maembe na machungwa yasilale ndani ya turubai.

Kwa upande wa sheria, trela ni chombo cha kusajiliwa chenye nambari yake inayoanza kwa herufi Z, na mwenye kununua kuukuu ahakikishe jina limehamishwa kupitia mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, kabla ya kulipa fedha zote. Hakuna abiria anayepanda ndani ya trela likiwa linavutwa, hata kwa safari fupi ya kutoka Ukunda hadi ufuoni.

Kambi ya ufuoni ipigwe juu ya mstari wa mivinje, kwa kuwa bamvua hufika mbali kuliko mgeni anavyodhani, na kasa hutaga kwenye mchanga huo huo. Ukirudi nyumbani, osha chini ya trela kwa maji baridi siku hiyo hiyo, na kama magurudumu yaliingia maji ya bahari, fungua beringi, futa grisi yote ya zamani, upake mpya.