Redio, Posta na Simu: Kozi Mseto Kanda ya Ziwa

Novemba 1974 Azimio la Musoma lilitaka kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa shule aandikishwe ndani ya miaka mitatu. Madarasa yangejengwa kwa nguvu za wanakijiji. Walimu je, wangetoka wapi?

Kuanzia 1976 walichukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa hukohuko vijijini. Shinyanga, pamoja na Geita iliyokuwa bado wilaya ya Mwanza, zilipata walimu wengi kwa njia hiyo. Kwa sehemu ya siku kijana alifundisha madarasa ya chini. Saa zilizobaki alikuwa mwanafunzi. Alisoma vijitabu vya elimu kwa posta, akasikiliza vipindi vya redio, na mkufunzi akaja kumwangalia akiwa ubaoni, chaki mkononi. Mwishoni alikaa chuoni majuma machache kwa mazoezi na mtihani. Nchi nzima walifuzu zaidi ya 35,000.

Wakaitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, mara nyingi kwa dharau. Ni kweli wengi wao walikuwa na elimu finyu. Lakini kozi yenyewe ilipangwa kwa akili: alichosoma jioni, kesho yake alikijaribu mbele ya watoto, na palikuwa na mtu wa kumsahihisha.

Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya 1992 na kuanza kufundisha 1994 chini ya Profesa Geoffrey Mmari, kilipeleka mchanganyiko huo wa kujisomea na kukutana na mwalimu hadi shahada: vitabu nyumbani, vipindi vya ana kwa ana na mitihani kwenye vituo vya mikoa. Sehemu ya vitabu vya mwanzo iliazimwa Nairobi na India. Siku hizi masomo hupatikana mtandaoni kwenye mfumo wa Moodle, kwa mwenye bando.

Mwaka 2014 mpango wa kuinua ubora wa elimu, EQUIP-Tanzania, ulifika Shinyanga. Baada ya semina, walimu walirudi na moduli za kusoma, kuandika na kuhesabu, wakazijadili pamoja shuleni kwao. Mpango huo nauona kuwa mrithi halali wa kozi ya UPE.

Kazi ngumu ya kozi mseto sasa iko migodini. Mgodi wa sasa wa Geita ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2000, wa Bulyanhulu 2001, na wafanyakazi wake huishi kwa zamu. Kozi ikiweka vipindi vya ana kwa ana kila Jumamosi, aliye chini ya ardhi siku hiyo amekosa nusu ya masomo. Mpangaji aanze na ratiba ya zamu, aweke kipindi kimoja mara mbili, ndipo afikirie video.