Kilosa na Mikumi Bungeni: Namna Mchango wa Mbunge Unavyopimwa

Wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro ina majimbo mawili ya uchaguzi, Kilosa na Mikumi. Historia ya karibuni ya majimbo hayo inaonesha kwamba wabunge hawachangii majadiliano kwa njia moja, hivyo wingi wa maswali pekee hautoshi kupima uwakilishi.

Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Mbunge anaweza kumuuliza waziri swali kuhusu jambo la umma lililo katika wajibu wake, na kujadili utekelezaji wa kila wizara katika mkutano wa bajeti. Ibara ya 100 inalinda uhuru wa majadiliano hayo.

Kati ya mwaka 2015 na 2020, Mikumi iliwakilishwa na Joseph Haule wa CHADEMA, msanii ajulikanaye kama Profesa Jay. Akiwa upande wa upinzani, nyenzo zake zilikuwa maswali na michango ya kuzungumza. Mwaka 2020 nafasi hiyo ilichukuliwa na Dennis Londo wa CCM.

Mwaka huohuo, Profesa Palamagamba Kabudi alichaguliwa kuwa Mbunge wa Kilosa. Awali, Januari 2017, aliingia bungeni kwa uteuzi wa Rais na baadaye akawa Waziri wa Katiba na Sheria. Julai mwaka huo Bunge lilipitisha sheria kuhusu mamlaka ya nchi juu ya maliasili zake, ambazo yeye aliziwasilisha. Mbunge aliye waziri haiulizi Serikali maswali. Huwasilisha miswada na kujibu hoja. Mahitaji ya jimbo lake huyafikisha ndani ya Serikali yenyewe, mahali ambapo kumbukumbu za Bunge hazifiki.

Masuala ya wilaya hiyo ni mazito. Desemba 2000 wakulima 38 waliuawa Rudewa katika mgogoro na wafugaji. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko ya Mto Mkondoa yaliwaacha maelfu bila makazi na kuharibu reli. Aidha, wananchi wanafuatilia ujenzi wa barabara ya Dumila–Kilosa–Mikumi kwa lami, na wanaishi jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Masuala hayo yanagusa wizara tofauti: Ardhi, Mifugo, Maji, Ujenzi, na Maliasili na Utalii.

Swali la msingi hujibiwa na Serikali, kisha muulizaji hupewa nafasi ya maswali ya nyongeza. Yote huandikwa katika Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, yaani Hansard, kwa tarehe na kikao, na hupatikana katika tovuti ya Bunge. Kwa kumbukumbu hiyo, mwananchi wa Kilosa au Mikumi anaweza kulinganisha jibu lililotolewa Dodoma na kazi iliyofanyika kijijini kwake.