Watu wa Misingi na Mji Mkubwa

Kijana mmoja tuliyemfundisha alirudi kutoka mjini, akakataa kuketi katika matanga ya mjomba wake, akisema ya kuwa desturi hizo ni ukafiri. Sisi waalimu wake tulishangaa, kwa maana tulidhani mji hulegeza dini, na kwamba ushikaji mkali hukaa mashamba. Tangu siku ile tumeitazama habari ya Wakristo wa Marekani walioitwa Watu wa Misingi, nayo imetuonyesha kosa letu.

Jina lao lilitungwa mwaka 1920 na Curtis Lee Laws, mhariri wa gazeti la Wabaptisti, kwa ajili ya wale walioshika misingi ya imani na waliokuwa tayari kuipigania. Lakini mtoto alikuwa amekwisha kutembea kabla ya kupewa jina.

Mwaka 1850 Chicago ilikuwa na watu kama 30,000. Kufika mwaka 1890 walikuwa wamepita 1,000,000. Wengi walikuwa wageni, wa mashamba na wa ng'ambo. Mmoja wa wageni hao alikuwa Dwight L. Moody, mzaliwa wa Northfield, aliyefika mwaka 1856 na kufanya kazi ya kuuza viatu. Aliwakusanya watoto wa maskini akawafundisha siku za Jumapili. Moto mkubwa wa mwaka 1871 uliteketeza kanisa lake, naye akaanza tena. Chuo chake cha Biblia, kilichofunguliwa mwaka 1889, kiliwafundisha watu wa kawaida kazi ya kuhubiri katika mitaa ya mji.

Kwa nini mambo hayo yalianza mjini? Kijijini mtu hujulikana kwa ukoo wake, na imani yake huonekana katika mwenendo wake. Hana haja ya kuihesabu kwa vidole. Mjini jirani hamjui jirani, na kila mlango una mafundisho yake. Hapo mgeni hutafuta maneno machache, thabiti, awezayo kuyachukua popote, na ndugu watakaomtambua kwa maneno hayo.

Mji ulitoa vyombo pia. Tangu mwaka 1910 hata 1915 vilichapwa vitabu 12 viitwavyo The Fundamentals, yaani Misingi. Fedha zilitoka kwa Lyman Stewart, tajiri wa mafuta wa Los Angeles, na ndugu yake Milton. Nakala kama 3,000,000 zilitolewa bure, zikapelekwa kwa posta kwa wachungaji, wamisheni na waalimu. Mwaka 1919 William Bell Riley, mchungaji wa Minneapolis, aliongoza mkutano mkubwa huko Philadelphia, kikaundwa chama chao. Katika New York, John Roach Straton alianza kutangaza ibada kwa redio mwaka 1923. Na Harry Emerson Fosdick, aliyehubiri juu yao kwa kuwapinga mwaka 1922, alisimama katika mji huo huo. Ugomvi ule ulikuwa wa watu wa mji mmoja.

Basi, dhana ya kuwa wao ni watu wa mashamba imetoka wapi? Kwa sehemu kubwa imetoka Dayton, mji mdogo wa Tennessee, ambako mwaka 1925 mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kufundisha ya kuwa mwanadamu ametokana na wanyama. Alitozwa dola 100, hukumu iliyotenguliwa mwaka 1927. Waandishi wa magazeti walikuja kutoka miji mikubwa, wakawacheka wenyeji. Na kicheko kile kimekumbukwa kuliko ukweli.

Jambo hili halitupiti mbali. Africa Inland Mission, iliyofika nchi ya Wakamba mwaka 1895, ilianzishwa Philadelphia, na wengi wa watu wake walitoka katika vyuo vya Biblia vya namna ile.

Hatusemi ya kuwa ukali ule ulikuwa wema mtupu. Maneno yaliyomkusanya mgeni pamoja na ndugu wapya yaliweza pia kumtenga na ndugu wa zamani. Lakini anayetaka kumrudisha mtu kama huyo, na aulize kwanza alipewa nini huko alikokwenda.

Sisi tulimkemea kijana wetu kwa habari ya matanga, wala hatukumwuliza ni nani aliyempokea siku alipofika mjini bila ndugu wala mahali pa kulala. Baadaye tulipata kujua: walimpokea watu wa dini ile, wakampa chakula, wakamwuguza homa. Sisi tulikuwa tumempa cheti, tukamwacha aende zake.

Msingi ni kitu cha kujengewa nyumba. Wanafunzi wetu bado wanaondoka kwenda Nairobi na Dar es Salaam. Kabla hawajaondoka, yatupasa kuwaandikia barua wenzetu walioko huko, ili yuko mtu atakayewafungulia mlango.