Jenerali wa Dujis

Asubuhi ya Agosti 1, 1982, wanahewa walioasi waliteka Sauti ya Kenya mjini Nairobi, wakatangaza kuwa serikali imepinduliwa. Aliyeongoza wanajeshi watiifu kuikomboa redio hiyo alikuwa Mahamoud Mohamed, naibu kamanda wa Jeshi la Nchi Kavu, Msomali wa Garissa. Baadaye alikabidhiwa kikosi cha wanahewa akisuke upya, na kuanzia 1986 hadi 1996 akawa Mkuu wa Majeshi yote ya Kenya.

Tazama miaka hiyo vizuri. Hali ya hatari iliyotangazwa mkoani kwake Desemba 1963, vita vya kujitenga vya Shifta vikianza, haikuondolewa hadi Novemba 1991. Kwa miaka mitano, basi, mwanajeshi wa juu kabisa nchini alitoka kwenye mkoa uliokuwa bado chini ya hali hiyo, ambako wazee wa Galbet, mtaa wa Garissa, walisimamishwa vizuizini kuonyesha vitambulisho.

Siasa ilikuwa ya ndugu yake, Hussein Maalim Mohamed, mbunge wa jimbo la Dujis na waziri katika serikali ya Rais Moi. Galbet ilikuwa ndani ya Dujis.