Neno la Wiki: Vijitu si mbilikimo

Filamu ya Gulliver's Travels ya mwaka 2010, ile ya Jack Black, bado inazunguka kwenye vibanda umiza, na DJ anayeitafsiri hachoki kuwaita watu wa Lilliput "mbilikimo". Hapana, bwana. Wakusanya kamusi wa karne ya 19 walilieleza neno hili kuwa ni mbili na kimo: mtu wa dhiraa mbili, yaani mara mbili toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Hizo ni kama inchi 36. Watu aliowabuni Jonathan Swift, mwandishi wa kitabu chenyewe, mwaka 1726 hawafiki hata inchi 6! Waite vijitu. Mbilikimo lilibandikwa watu halisi wa misitu ya Kongo, na Wambuti wa Ituri wana jina lao.

Wala usiseme vidudumtu. Kidudumtu ni mfitini, ingawa wakubwa wa Lilliput, wanaopigana vita kwa ajili ya upande wa kuvunjia yai, wanalistahili kabisa. Naye Gulliver si zimwi. Zimwi hula watu. Yeye ni pandikizi la mtu, tena machoni pa wenyeji tu: kwenye filamu, huko New York, alikuwa msambaza barua ofisini.