Kuweka Breki za Diski kwa Beetle ya Guka si Usaliti

Wasee, nianze na aibu yangu. Nilipoachiwa Beetle ya guka, ya 1964, kitu cha kwanza nilitaka kununua ni rimu. Pedali ya klachi ilikuwa inalia kwii-kwii kila nikiikanyaga, na dawa yangu ilikuwa kuongeza sauti ya redio.

Halafu siku moja nikateremka nayo kutoka Limuru hadi Mai Mahiu. Kufika katikati, pedali ya breki inazama karibu sakafuni, harufu ya kuungua imejaa ndani, na lori liko mbele yangu. Nilirudisha gia hadi namba mbili na Mungu akamaliza kazi.

Fundi wangu alianza na ile kelele. Kwa Beetle, pedali zinatoka sakafuni, na ya klachi na ya breki zinazungukia shafti moja. Shafti ilikuwa kavu, imejaa vumbi. Akaisafisha, akapaka grisi, kelele ikaisha. Lakini alipoifungua ndipo tukaona mafuta ya breki yamelowesha pale chini. Kwii-kwii ilikuwa inaniita nikaangalie hapo, mimi naiwekea muziki.

Nikaamua naweka breki za diski mbele. Anko akakasirika: "Gari ya 1964 ibaki ya 1964! Hiyo ni historia ya familia."

Sawa, anko. Basi tuongee historia.

Beetle za kwanza zilisimamishwa kwa kebo, kama baiskeli. Modeli za kuuzwa nje ya Ujerumani zilipata breki za mafuta 1950, lakini ile ya bei ya chini iliendelea na kebo hadi 1962. Mwaka huohuo Tommy Fjastad alishinda Safari Rally hapa kwetu akiendesha Volkswagen. Vic Preston alikuwa ameshinda na Beetle 1954, na Gus Hofmann akashinda na Volkswagen 1957. Hao wote walipita matope na materemko wakitumia breki za drami.

Shida ya drami ni joto. Viatu vya breki viko ndani na vinasukuma kuelekea nje. Drami ikipata moto inapanuka, inavikimbia viatu, na pedali inazama. Ndiyo hadithi yangu ya Mai Mahiu. Diski iko wazi kwa upepo, na padi zinaibana kutoka pande mbili, kwa hivyo inapoa haraka.

Na diski si kitu cha juzi. Frederick Lanchester alipata hataza yake Uingereza 1902. Jaguar ilishinda Le Mans 1953 ikitumia diski za Dunlop, na 1955 Citroën DS ikaziweka kwa gari la kuuzwa kwa watu wengi. Volkswagen wenyewe waliweka diski mbele kwa Beetle 1500 mwaka 1966. Yaani miaka miwili tu baada ya gari ya guka kutoka kiwandani!

Kwa hivyo nikiweka diski, nafanya kile waliotengeneza Beetle walifanya. Nimeweka pia pampu kuu ya breki yenye njia mbili, za mbele na za nyuma mbali mbali. Ile ya zamani ilikuwa na njia moja: paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne yamekosa breki.

Lakini sikubadilisha kila kitu. Klachi bado inavutwa na kebo inayopita katikati ya gari hadi injini ya nyuma, vile ilivyotoka kiwandani. Ilihitaji grisi tu, na kurekebishwa ili pedali iwe na uhuru wa kama milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuvuta. Drami za mbele nimezifunga kwa gazeti, ziko kwa sanduku chini ya kitanda. Siku yoyote zinaweza kurudi.

Maoni yangu ni haya: kuhifadhi historia si kuacha kila nati mahali pake. Gari ambayo haiwezi kusimama itaishia kwa mtaro, na hapo hakuna historia ya mtu. Guka aliendesha hii Beetle ili afike.

Anko bado hajanisamehe, lakini Jumapili iliyopita aliomba funguo. Wewe ungeziacha drami ama ungebadilisha?